Weupe Ulivyopata Bei: Historia ya Rangi ya Ngozi Kwetu na Kazi ya Mshauri Nasaha

Mtoto akizaliwa, wageni wa siku za mwanzo humtazama masikio. Watu husema rangi yake ya kweli imejificha kwenye ncha za masikio na vifundo vya vidole. Akielekea kuwa mweupe, mama hupongezwa kana kwamba ameshinda mtihani. Akielekea kuwa mweusi, hakosekani shangazi wa kusema kwa upole kwamba msihofu, rangi hubadilika. Hukumu hiyo hupita hata kabla mtoto hajapewa jina, na wanaoitoa ni watu wanaompenda.

Ubaguzi ninaouzungumzia hapa si ule wa Mzungu dhidi ya Mwafrika, ingawa umechota nguvu kutoka huko. Huu hukaa ndani ya kabila moja, ndani ya ukoo, kati ya ndugu wa tumbo moja. Washauri nasaha hukutana nao, lakini mara chache humfika mshauri ukiwa na jina lake. Mteja huja na ndoa inayoyumba, na usingizi uliopotea, na ugomvi na dada yake usioisha. Suala la rangi hujitokeza baada ya vikao kadhaa, tena kwa aibu. Mshauri asiyejua historia atadhani amekutana na udhaifu wa mtu mmoja. Kumbe aliyeketi mbele yake amebeba mpango wa zamani wa kupanga watu madaraja. Kila zama mpango huo ulikuwa na wa kufaidika nao, na kila zama lawama ilimwangukia yule yule aliyeumia, mara nyingi mwanamke.

Nyumba ya Sultani, 1840–1909

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, kuelekea mwaka 1840, kisiwa kilikuwa kinageuka kuwa kitovu cha karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Wengi wa waliotolewa bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa, Manyema na kwingineko, walipelekwa mashambani au kuuzwa mbele zaidi. Wanawake walionunuliwa kuwa masuria walipangwa kwa asili na kwa sura. Wa bara waliwekwa chini, Wahabeshi wakawekwa juu yao, na juu kabisa wakawekwa Wacherkesi na Wageorgia walioletwa kutoka milima ya Kaukasi. Kadiri ngozi ilivyokaribia weupe ndivyo bei ilivyopanda.

Tunayo bahati ya kuwa na shahidi aliyekulia ndani ya nyumba hiyo. Sayyida Salme, binti wa Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anasimulia kwamba masuria wa Kicherkesi walijiona bora kiasi cha kutotaka kula pamoja na Wahabeshi, hata ikazoeleka kila kundi lile peke yake. Anasimulia pia kwamba watoto wa Wacherkesi waliitwa paka na ndugu zao weusi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Hao wote walikuwa watoto wa baba mmoja. Kwa mshauri nasaha, kurasa hizo chache zina thamani kubwa. Zinaonyesha jinsi mpangilio wa sokoni ulivyoingia hadi kwenye sinia la chakula, na jinsi watoto walivyoujibu kwa majina ya utani.

Hata hivyo mizani haikuwa ya upande mmoja. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na alirithi nasaba ya baba. Sayyid Majid, mtoto wa Mcherkesi, alitawala Unguja; baada yake, kuanzia 1870, alitawala ndugu yake Sayyid Barghash, mtoto wa Mhabeshi. Rangi ya mama haikumzuia Barghash kukalia kiti. Nasaba ilikuwa na nguvu kuliko ngozi, kwa mwanamume aliyekuwa na nasaba. Mwanamke aliyetolewa kwao na kuuzwa hakuwa na nasaba ya kutaja. Kwake yeye ngozi ndiyo iliyoamua kama atalima shamba au atalala ndani.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, lakini masuria hawakuhesabiwa. Wao walisubiri hadi 1909. Katika miaka iliyofuata, wengi wa waliokuwa watumwa na watoto wao waliacha kujitaja kwa majina ya makabila ya bara na kujiandikisha kwa majina ya visiwani, na wanawake wakavaa kanga na buibui walizokuwa wamekatazwa au kukosa uwezo wa kuzipata. Walikuwa wanajivua alama. Jina lilibadilika na nguo ikabadilika, lakini ngozi ilibaki ile ile, na mji haukusahau kuitazama.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba na wazazi waliopitia utumwa, akaja mjini kuuza vyungu, kisha akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alipokwisha kupata jina, waliomwonea wivu hawakuwa na la kusema kuhusu sauti yake, wakaisema sura yake na asili yake. Alijibu kwa wimbo. Naona jibu lake ni mojawapo ya majibu ya mwanzo kabisa ya hadharani dhidi ya ubaguzi huu katika lugha yetu, na ndiyo maana napenda mshauri nasaha amjue Siti kabla ya kuwajua wataalamu wa ng'ambo.

Serikali ya madaraja, 1890–1960

Ukoloni haukuanzisha kupendelea weupe, lakini uliupa ofisi, mshahara na muhuri. Tanganyika, Kenya na Uganda zote ziliendeshwa kwa ngazi tatu: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Shule zilikuwa za aina tatu na hospitali zilikuwa za aina tatu. Nchini Kenya wanaume Waafrika walitembea na kipande, yaani cheti cha utambulisho, shingoni, sheria yake ikiwa ya 1915 na utekelezaji ukafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Ndani ya ngazi ya Waafrika wenyewe, watawala walichimba vidaraja vingine. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya chanzo cha Nile, na humo akaeneza dai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walitokana na watu wa rangi nyepesi kutoka kaskazini mashariki. Hakuwa na ushahidi. Wabelgiji walilichukua wazo hilo Rwanda na Burundi, wakapima pua na urefu, na Rwanda katika miaka ya 1930 wakaliandika kwenye vitambulisho. Nani alivuna nini kutokana na vitambulisho hivyo, mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalionyesha. Mshauri anayefanya kazi Kigali, Bujumbura au Goma anajua kwamba huko neno moja juu ya sura ya mtu halichukuliwi kama mzaha.

Pamoja na sheria yalikuja matangazo. Huko Uingereza, kampuni ya sabuni ya Pears ilikuwa imekwisha kuchapisha, katika miaka ya 1880, picha ya mtoto mweusi anayeoshwa hadi mwili wake unakuwa mweupe. Sabuni, dini, shule na ajira vilifika Afrika Mashariki vikiwa vimefungwa pamoja, na ujumbe uliotoka humo ni kwamba usafi una rangi yake. Shaaban Robert, karani wa serikali aliyeishi chini ya ngazi hizo, aliona haja ya kutunga shairi zima liitwalo Rangi Zetu. Mtu hatungi shairi kutetea kitu ambacho hakishambuliwi.

Glavu za mpira, 1939–1968

Hadi hapo weupe ulitamaniwa, ila haukuwa wa kununuliwa dukani kwa urahisi. Badiliko lilitokea mbali, katika kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi waliovaa glavu za mpira waligundua kwamba mikono yao inapoteza rangi. Madaktari walichunguza, na mwaka 1939 wakaeleza chanzo: kemikali iliyotiwa kwenye mpira, ya jamii ya haidrokwinoni, inayozuia mwili kutengeneza melanini. Kwa wafanyakazi yale yalikuwa madhara ya kazini. Wafanyabiashara waliona bidhaa.

Krimu za zebaki zilikuwepo tangu zamani, na Wazungu wenyewe walizitumia kuondoa madoa na alama za jua. Sasa zikaongezewa wenzao. Afrika Kusini, ambako serikali ya 1948 iliifanya rangi kuwa sheria ya kila siku, ikawa kiwanda na soko. Ndugu pacha Abraham na Solomon Krok walijenga utajiri kwa krimu kama Super Rose. Jarida la Drum, lililoanza 1951, lilibeba habari za mapambano dhidi ya ubaguzi katika kurasa zake, na katika kurasa nyingine likabeba matangazo ya krimu hizo. Familia hiyo hiyo ya Krok ilikuja kugharimia Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi ya Johannesburg, yaliyofunguliwa 2001.

Mitaani Nairobi na Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, jina lililovuma lilikuwa Ambi. Wanunuzi wengi walikuwa wasichana wa mjini wenye mishahara yao ya kwanza: makarani, wapiga chapa, wauguzi, wahudumu. Matangazo hayakuwaambia waache kuwa Waafrika. Yaliwaambia wang'ae, wafanikiwe, wapendwe. Dada aliyetoka kijijini akaona nani anawekwa mezani mbele kupokea wageni hakuhitaji kufundishwa zaidi.

Wanasesere wa akina Clark

Katika miaka hiyo hiyo, huko Marekani, wanasaikolojia wawili Weusi, mke na mume, walikuwa wanafanya jambo litakaloigeuza taaluma ya ushauri. Mamie na Kenneth Clark waliwapa watoto wadogo wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri na yupi mbaya. Watoto wengi Weusi walimchagua mweupe kuwa mzuri. Walipoulizwa yupi anafanana na wewe, baadhi yao walilia. Ushahidi huo ulitumika katika kesi ya shule ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tarehe 17 Mei 1954, na kutenganisha wanafunzi kwa rangi kukatangazwa kinyume cha katiba.

Linalotajwa mara chache ni kwamba mwaka 1946 wanandoa hao walikuwa wamefungua kituo cha kuhudumia watoto na familia, Harlem, New York. Hawakuishia kupima maumivu, walikaa na wenye maumivu. Kutoka njia hiyo taaluma ilisogea taratibu. Mwandishi Alice Walker, katika kitabu cha 1983, aliupa ubaguzi huu wa ndani jina lake la Kiingereza na kuueleza kuwa ni kumpendelea au kumwonea mtu wa jamii yako mwenyewe kwa rangi yake tu. Mwaka 1989 Nancy Boyd-Franklin, katika kitabu chake kuhusu tiba ya familia za Weusi, aliwataka washauri wachunguze nani katika nyumba alipendelewa na nani alibebeshwa makosa kwa sababu ya rangi. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ilipofika mahali pake. Suala lilitoka kwenye kichwa cha mtoto mmoja likawekwa mezani, mbele ya wazazi, mabibi na wajomba.

Maarifa hayo yanatufaa, ila si ya kuvaliwa bila kupimwa. Watoto waliopimwa na akina Clark waliishi katika nchi ambayo Wazungu ndio wengi. Binti wa Tandale au Kisumu huishi kati ya watu wa rangi yake, na wanaompima ni wao.

Operesheni Vijana, 1968–1972

Oktoba 1968, makundi ya vijana wa kiume yaliwasumbua wanawake waliovaa sketi fupi eneo la Kariakoo, Dar es Salaam. Mwezi huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Utekelezaji, ulioitwa Operesheni Vijana, ulianza tarehe 1 Januari 1969. Magazetini barua zilimiminika, nyingine zikipongeza na nyingine zikipinga.

Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika naielewa, na naiheshimu. Nchi ilikuwa changa, imetoka juzi tu chini ya watu walioipima kwa rangi. Lakini tazama nani aliyewekwa mbele ya lawama. Waliotengeneza krimu hawakukamatwa barabarani. Mwajiri aliyempenda karani mweupe hakusimamishwa kituo cha basi. Aliyesimamishwa ni msichana, na waliomsimamisha ni vijana wa kiume, wengine wao wakiwa ndio wanaowaandikia barua za mapenzi wasichana weupe. Tangu hapo kujichubua kwetu kumekuwa na aibu mbili: aibu ya kuwa mweusi, na aibu ya kukutwa ukijaribu kuacha kuwa mweusi. Mteja anayemfikia mshauri leo huja na zote mbili, na mshauri anayeanza kwa kukemea humwongezea ya pili.

Miaka michache baadaye madaktari wa Nairobi waliona jambo lililowashtua. Mwaka 1972 walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wa wagonjwa 60 watu wazima waliokuwa wamevimba mwili kwa figo kuvujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Zebaki ilikuwa imepita kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu, ikatua kwenye figo.

Marufuku baada ya marufuku, 1975–2019

Zebaki ilipoanza kubanwa, haidrokwinoni ilishika nafasi. Mwaka 1975 daktari wa ngozi George Findlay na wenzake walieleza, kutoka Afrika Kusini, kwamba waliotumia krimu kali za haidrokwinoni kwa muda mrefu walitokwa na madoa ya weusi wa buluu, mazito kama makovu, hasa mashavuni. Krimu iliyonunuliwa kuondoa weusi ilikuwa imeleta weusi usiotoka. Mwenye madoa hayo huongeza krimu ili kuyafuta, na madoa huzidi. Afrika Kusini ilipiga marufuku matangazo na bidhaa hizo mwaka 1990, baada ya miaka ya kampeni za madaktari na wanaharakati.

Zebaki nayo haikuondoka. Ulaya ilizuia sabuni za zebaki zisiuzwe kwa watu wake, huku viwanda vya huko vikiendelea kutengeneza za kusafirisha Afrika. Katika miaka ya 1990 Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuchunguza ugonjwa wa Minamata utokanao na zebaki, alikuja pande za Ziwa Victoria na wenzake kutafuta zebaki itokayo kwenye machimbo ya dhahabu. Walipima nywele za watu Tanzania na Kenya. Miongoni mwa waliokutwa na kiwango kikubwa sana hawakuwemo wachimbaji tu. Walikuwemo watu wa kawaida waliokuwa wakiogea sabuni za kung'arisha ngozi.

Mnamo 2003 Tanzania ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi na kuunda mamlaka yake, ambayo kwa miaka mingi ilikamata na kuteketeza shehena za krimu zilizokatazwa. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulianza kutumika 2017. Rwanda ilianza msako mkali mwishoni mwa 2018. Mwaka uliofuata Bunge la Afrika Mashariki lilitaka haidrokwinoni ikatazwe katika nchi zote wanachama. Kila tangazo lilifuatwa na moshi wa shehena inayochomwa, na kila shehena ikafuatwa na nyingine. Penye marufuku pakazaliwa mkorogo: krimu mbili tatu zinachanganywa, mara na dawa za steroidi, mara hata na dawa ya kufulia nguo, bila aliyechanganya kujua kiasi.

Katika miaka hiyo hiyo palitokea jambo linalopaswa kumfanya kila msifu wa weupe anyamaze. Kuanzia karibu 2007, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Mahali pale pale ambapo ngozi nyeupe ilinunuliwa kwa krimu, waliozaliwa na ngozi isiyo na rangi waliwindwa. Ni suala lenye mizizi yake ya ushirikina na lina historia yake, lakini mshauri asilitenge kabisa. Pande zote mbili mtu amefanywa ngozi, na ngozi imetiwa bei.

Utafiti wa mwaka 2011 uliotokana na mahojiano na wanawake wa Dar es Salaam wanaojichubua ulitoa sababu ambazo hazikuingia katika sanduku moja. Wengine walitaka kuonekana kama Wazungu. Wengine walitaka kuondoa chunusi na vipele, au kuwa na ngozi laini, au kumpendeza mume, au kuwapendeza mashoga zao. Na wengine walikuwa wanajaribu kusawazisha uharibifu wa krimu za mwanzo. Kauli ya kwamba kila anayejichubua anajichukia haisimami mbele ya wanawake hao. Yuko ambaye anajipenda vizuri tu, ila amepiga hesabu ya mazingira yake na kuona weupe unalipa.

Ushauri nasaha unapofika

Kwetu, ushauri nasaha kama huduma ya watu wengi ulienea kwa sababu ya UKIMWI. TASO ilianzishwa Uganda 1987, WAMATA ikafuata Tanzania 1989, na vituo vya kupima kwa hiari vikafundisha mamilioni kwamba unaweza kukaa na mtu usiyemjua, ukamwambia siri, asikuhukumu. Urithi huo ni mkubwa. Kenya ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Mwaka huo huo Lupita Nyong'o, Mkenya aliyekuwa karibu kupata tuzo ya Oscar, alisimama mbele ya wanawake Weusi wa Hollywood akaeleza kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kwamba kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa kulimfungulia mlango. Alisoma pia barua ya msichana aliyekuwa tayari kununua krimu kabla hajamwona yeye. Mwaka 2019 alichapisha kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu binti mweusi kuliko wote nyumbani kwao.

Ombi lile la mtoto linasemwa usiku katika nyumba nyingi. Mshauri atalifikiaje? Kwanza kwa kuuliza nyumbani walimwitaje. Majina ya utani ndiyo kumbukumbu ya kwanza: Cheusi, Mzungu, Lami, Chotara. Nani alipewa jina hilo, na nani alilitoa? Dada mweupe alitumwa wapi, na mweusi akaachiwa kazi gani? Mara nyingi mteja hajawahi kuulizwa, na jibu hutoka na tarehe, mahali na nguo aliyokuwa amevaa siku hiyo. Aulizwe pia kuhusu baba aliyemtilia mama shaka kwa sababu mtoto alizaliwa na rangi isiyotarajiwa, maana tuhuma hiyo imevunja ndoa na kumwachia mtoto hatia asiyoijua.

Asisahau mteja mweupe. Naye ana yake: kaka wanaosema amependelewa maisha yake yote, wenzake kazini wanaoamini amepata cheo kwa sura, wanaume wanaomfuata kama pambo. Uchungu wake si wa kupimwa na wa mwingine. Mwanamume naye huja, ingawa kwa kuzunguka. Huzungumza mengi juu ya rangi ya mke anayemtaka kabla hajazungumza juu ya rangi ya mama yake.

Mwili wenyewe usipuuzwe. Aliyepaka krimu za steroidi kwa miaka akiziacha ghafla anaweza kuwaka ngozi, kuvimba na kutoka vipele, akaamini kwamba bila krimu hawezi kuishi. Aelekezwe kwa daktari wa ngozi kabla ya kuacha, na anayevimba miguu au uso apimwe mkojo na figo. Mshauri na daktari wafanye kazi hii pamoja.

Na mshauri ajitazame. Yeye mwenyewe ana rangi, na mteja ameiona tangu alipofungua mlango. Mshauri mweupe anayemwambia mteja mweusi kwamba rangi si kitu hajamsaidia, amemnyamazisha. Mshauri anayejichubua na hajawahi kulizungumza atakuta vikao vinakwepa jambo lile lile yeye analolikwepa.

Vyuo vinavyotoa stashahada na shahada za ushauri nasaha katika nchi zetu hufundisha Freud na Rogers, na ni vyema vifundishe. Navisihi viongeze darasa moja: masuria wa Unguja, ngazi tatu za mkoloni, glavu za mpira za mwaka 1939, Kariakoo ya 1968, figo za Nairobi za 1972. Mwanafunzi apewe kazi ya kwenda kwao kuuliza wazee ni nani katika ukoo aliitwa mweusi na maisha yake yalikwendaje. Arudi na majibu kabla hajaruhusiwa kukaa na mteja wake wa kwanza.